Maswali ya Wavuvi: Dropshoti Inataka Mkono Mtulivu

Safari hii karibu barua zote ni za dropshoti kwa ajili ya besi, yule samaki wa maji baridi anayewindwa na wavuvi wa fimbo, kwa hiyo mengine nimeyaweka pembeni tumalizane na hii kwanza. Kwa ambaye hajawahi kuijua, ni ufungaji ambao chubwi linakaa chini kabisa mwishoni mwa uzi, ndoano inafungwa juu yake, na chambo cha mpira laini kinaning'inia kwenye maji bila kugusa tope. Wavuvi wa besi wa Japani ndo waliifanya ikajulikana, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani nao wakaidaka, basi ikasambaa. Haya twende.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefunga kama nilivyoona kwenye video lakini ndoano yangu inalala imejibana kwenye uzi, chambo nacho kinazunguka tu. Mwenzangu tuko boti moja, chambo kilekile, yeye anavuta samaki mi nashika nyavu ya kumpokelea. Nimechoka.
– Mshika nyavu

JIBU: Marahaba, na pole kwa kazi ya kupokea samaki wa watu. Shida yako iko kwenye fundo, tena ile hatua ya mwisho ambayo kwenye video huwa inapita haraka sana. Anza hivi: kunja uzi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, piga fundo la kawaida bila kukaza, halafu ndoano nzima ipite ndani ya kile kitanzi. Lowesha kwa mate ndo ukaze pole pole, maana flurokaboni, ule uzi wa plastiki usioonekana sana majini, ukiikaza kavu inaungua kwa msuguano na fundo litakukatikia siku samaki mkubwa amekuja. Hilo linaitwa Palomari. Mkia wa uzi uuache mrefu, nusu mita hivi, huo ndo utabeba chubwi.

Sasa sikiliza hapa. Ule mkia mrefu urudishe tena kwenye tundu la ndoano, uingie kutokea upande ule ambao ncha ya ndoano inatazama, utokee chini. Ukivuta uzi juu na chini utaona ndoano inajiinua yenyewe, inatoka pembeni imelala mlalo na ncha imeangalia juu. Ukiuingiza kutoka upande wa mgongo inageuka ncha chini, na ukisahau kabisa kuurudisha ndo hivyo inalala kama yako. Mi kabla sijashusha kitu majini lazima nishike uzi kwa mikono miwili niunyooshe mbele ya macho niangalie ndoano imekaaje, na kama haijasimama nakata nafunga upya, sitaki mjadala.

Na chambo usikichome katikati ya mwili kana kwamba una haraka. Ingiza ncha chini ya kidevu itoke juu karibu na pua, milimita 5 au 6 zinatosha, mwili wote uliobaki uachie ucheze. Ndoano iwe ndogo, namba 1 au namba 2, ile fupi yenye tumbo la mviringo. Ndoano kubwa kwenye chambo chembamba inakizamisha kichwa na mwendo wote unakufa.

SWALI: Kutoka chubwi mpaka ndoano niache umbali gani? Na chubwi la gramu ngapi? Kila mtu ana lake.
– Asiyependa kubishana

JIBU: Kila mtu ana lake kwa sababu kila mtu anavua kina chake. Ukiwa hujui uanzie wapi weka sentimita 30. Samaki wakiwa wamelala chini kabisa, hasa maji yakiwa baridi, punguza mpaka 15 au 20, na kama chini kuna majani mafupi au samaki wameinuka kidogo ongeza hadi 60, hata zaidi. Wasiwasi wako ukielemea upande wowote basi elemea juu, besi anaangalia mbele na juu vizuri kuliko chini ya kidevu chake, na kitu kinachopita juu yake kidogo atakifuata.

Ila kuna jambo watu wanalisahau. Hivyo vipimo ni vya uzi ukiwa wima chini ya boti. Ukirusha mbali uzi unakuja umelala, kwa hiyo ile sentimita 30 yako kule mbali inaweza kuwa 10 tu juu ya tope, na kadiri unavyovuta karibu ndo chambo kinapanda. Ukirusha, refusha mkia.

Uzito: maji ya chini ya mita 3 gramu 3.5 mpaka 5 zinatosha, mita 5 au 6 tumia 7, kina zaidi ya hapo au upepo unaisukuma boti nenda 10 mpaka 14. Lengo ni chubwi lisitambae bila ruhusa yako. Umbo la mviringo linakupa hisia nzuri ya chini, lile jembamba refu linapita vizuri kwenye majani na nyufa za mawe. Chubwi la tangsteni, metali ngumu sana, ni zito kuliko la risasi kwa ujazo uleule, karibu mara 1.7, kwa hiyo chubwi linakuwa dogo na gumu, jiwe ukilipiga unalisikia mpaka kiganjani. Ni ghali lakini. Risasi inafanya kazi, tatizo lake ni ndege wa majini wanaoyameza machubwi yaliyopotea wanakufa kwa sumu, Uingereza waliacha kuuza madogo tangu 1987 kwa sababu ya bata maji, kwa hiyo angalia kwanza sheria ya maji unayovulia.

SWALI: Nawatikisia sana lakini hawali! Kwenye sonari, kile kifaa cha kuonyesha samaki chini ya boti, nawaona kabisa wako pale, chambo kinafika, wanakisogelea halafu wanaondoka. Na wachache wanaokula nikivuta kwa nguvu nabaki na uzi mtupu. Nakosea wapi tena?
– Mwenye sonari na hasira

JIBU: Hili ndo swali la wengi, hebu tukae nalo.

Kwanza hilo neno "sana" ndo ugonjwa wenyewe. Dropshoti ilitengenezwa kwa ajili ya samaki ambaye hana njaa, maji maangavu, jua kali, baridi imepita juzi, ameshaona vyambo vya kila rangi. Samaki mwenye njaa ungempa kitu chochote kinachokimbia angekigonga. Huyu wako anatazama, na kitu kinachorukaruka kama kimepigwa umeme hakifanani na chochote anachokula.

Fanya hivi. Shusha chubwi liguse chini, rudisha uzi mpaka unyooke, halafu uushushe tena kidogo ulegee, yaani ule uzi kati ya ncha ya fimbo na maji uwe na kijitumbo. Tikisa huo ulegevu tu. Ncha ya fimbo icheze sentimita chache, chubwi lisiinuke, na ukiangalia vizuri utaona kijitumbo kinanyooka nusu kisha kinarudi. Chambo kule chini kinatetemeka mkia papo hapo, hakiendi popote, ndo kitu ambacho ufungaji mwingine hauwezi kukupa. Tikisa kidogo halafu acha. Acha kweli, hesabu mpaka 10 au 15, mkono usifanye chochote, mawimbi madogo na boti vitakifanyia kazi. Wengi wanakula wakati wa huo utulivu, na ndo maana mwenye haraka hawaoni.

Kwenye sonari una faida kubwa wala usiitumie kujitesa. Ukimwona samaki ameelea mita 6 kwenye maji ya mita 9 usishushe mpaka chini ukamwacha juu, simamisha chambo juu yake kidogo, mbele ya macho, kaa hapo. Mstari wa samaki ukianza kupanda kuelekea kwenye mstari wa chambo, usibadilishe mtikisiko ghafla. Akisita na kurudi, hapo ndo inua chambo taratibu kama kinaondoka. Mara nyingine anaamua. Na akikataa mara tatu hivi mwachie, nenda kwa mwingine, besi mmoja mwenye kiburi anaweza kukulia asubuhi yote.

Sasa kuhusu kula. Usitegemee kugongwa. Mara nyingi utasikia uzito tu, kama majani yameshika, au uzi unaanza kwenda pembeni wakati hujaugusa, au chubwi ambalo ulikuwa unalisikia linapotea maana samaki amelinyanyua. Usimpige fimbo juu ya kichwa kama unavyoona kwenye mashindano! Ndoano yako ni nyembamba na iko wazi, uzi ni wa kuhimili pauni 6 au 8 tu, ukiruka nayo ama unaitoa mdomoni ama unakata fundo. Zungusha rili, ile mashine ya kukunjia uzi, uondoe ulegevu, huku ukiinua fimbo kwa mvuto mmoja laini mpaka ijikunje, basi, ndoano imeshaingia, mara nyingi pembeni ya mdomo. Breki ya rili iwe legevu kiasi cha kutoa uzi akikimbia. Fimbo yenyewe iwe ya mita 2.1 hivi, ncha laini lakini kiuno kiwe na nguvu, ukitumia ile ngumu ya kuvutia samaki kwenye magogo utalaumu ndoano bure.

SWALI: Mwalimu, nawaachia samaki wangu wote lakini wale wa kina kirefu nikiwarudisha wanaelea tumbo juu. Rafiki anasema niwapandishe pole pole wazoee. Ni kweli?
– Mpenda samaki

JIBU: Rafiki ana moyo mzuri ila hapana. Besi kibofu chake cha hewa kimefungwa, hakina njia ya kutolea hewa mdomoni, inatoka kidogo kidogo kupitia damu na inachukua masaa. Kutoka mita 10 mpaka juu shinikizo linapungua nusu, kwa hiyo hewa ile inataka nafasi mara mbili, hata ungemzungusha dakika tano haibadiliki kitu, unamchosha tu. Ukiona tumbo limevimba, macho yametoka, anajaribu kuzama anarudi, mrudishe haraka sana bila kumweka kwenye tenki, na zipo klipu zenye uzito za kumshusha mpaka kina chake halafu zinamwachia. Ile nyama ikitokeza mdomoni usiitoboe. Kuna wanaotoa hewa kwa sindano pembeni ya mwili, lakini hiyo ni kazi ya aliyefundishwa kwa mkono, na kuna sehemu sheria inakataza.

La uhakika ni kuchagua kina. Kama nia yako ni kuachia na samaki wako mita 12, hama, tafuta walio mita 6. Najua wa chini ndo wanaokula. Hama tu.

SWALI: Nnapovua kumejaa majani, ndoano inarudi na saladi. Niache dropshoti?
– Mvuvi wa nchi kavu

JIBU: Usiache, ificheni hiyo ncha. Tumia ndoano yenye mkunjo shingoni, ingiza pua ya chambo, zungusha, kisha ncha irudi ndani ya mwili wa chambo ikae chini ya ngozi. Chubwi liwe lile jembamba. Hapo tu ndo nakuruhusu uvute kwa nguvu kidogo zaidi, maana ncha lazima itoboe mpira kwanza.

SWALI: Uzi wangu unajisokota mpaka unatoka kwenye rili kama nywele. Nifanyeje?
– Msokotwaji

JIBU: Chambo kilichochomwa upande kinazunguka kikipanda, kwa hiyo anza kwa kukinyoosha, na usikirudishe kwa mbio kama unashindana. Bado? Weka swiveli ndogo, kile kiungo cha chuma kinachozunguka, sentimita 40 au 50 juu ya ndoano, au tumia uzi mkuu wa kusuka halafu mbele uunge flurokaboni mita 2 mpaka 3, uzi wa kusuka hauna kumbukumbu ya kujikunja kama huo mwingine. Na ulioko kwenye rili sasa hivi umeshaharibika, utoe wote, usiujaribu kuunyoosha.