Maswali na majibu: "Hairudishwi" au "hairudishiki"?

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: tunasemaje kuhusu jambo lisilogeuka.

Swali: Nina duka la vitenge Mwanga, hapa Kigoma. Ukutani nimeandika "Mali ikiuzwa hairudishiki". Mteja mmoja kanisahihisha. Kosa liko wapi?

Jibu: Mteja yuko sahihi. "Hairudishiki" maana yake haiwezekani kurudishwa, hata wewe mwenyewe ukitaka. Kitenge kinarudishika: kikunje, kiweke pale kilipokuwa. Ni wewe uliyekataza, basi andika "hairudishwi". Kauli ya kutendwa inaonyesha kwamba yupo mtu nyuma ya katazo. Kauli ya kutendeka inasema jambo lenyewe haliwezekani. Mgebuka aliyekwisha kukaangwa kwa mawese, huyo ndiye harudishiki ziwani.

Naikazania tofauti hii kwa sababu haiishii dukani. Mara ngapi tunakuta tangazo limebandikwa mlangoni, "Ratiba haibadiliki"? Ratiba haijipangi. Kuna aliyeipanga, na anaweza kuipangua. Kama ameamua kutoigusa, aandike "haitabadilishwa", ili mwananchi ajue kuna mtu wa kumwendea na shida yake. "Haibadiliki" inamrudisha nyumbani akiamini ameshindana na jua. Tuitunze kwa mambo yanayoistahili. Siku uliyozaliwa haibadilishiki. Cheti kilichoiandika vibaya kinarekebishika.

Swali: Shikamoo mwalimu. Bodaboda ilimgonga mtoto wetu Ujiji, akavunjika mguu. Wazee wa upande wa dereva walipokuja, neno lao la kwanza lilikuwa "ajali haina kinga". Tuliumia sana. Walikosea?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Mungu amjalie mtoto apone upesi.

Walikosea. Neno "ajali" tumelipata kwa Kiarabu, na maana yake ya zamani ni muda uliowekwa, hasa ukomo wa uhai wa mtu. Methali ilikuwa inasema kwamba siku ya mtu ikifika haina wa kuizuia. Baadaye neno likabeba pia maana ya kugongana na kuanguka, na methali ikaingia barabarani vilevile ilivyo. Hapo ndipo inapoumiza, kwa kuwa kugongana kuna kinga: breki nzima, mwendo wa taratibu, macho mbele. Ninyi mnaouguza mkisema "ni kudra ya Mungu" mnajifariji, na hakuna wa kuwanyang'anya faraja hiyo. Aliyegonga akiisema yeye kwanza, anajivua lawama. Alitakiwa aanze na "tusameheni".

Swali: "Nina budi kwenda Kasulu kesho." Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Budi ni njia ya kukwepa, kwa hiyo hutembea na ukanushi: sina budi, hatuna budi, hapana budi. Ukitaka kusema bila kukanusha, tumia "inanibidi" au "lazima niende".

Swali: Naweza kumwambia mfiwa "maji yakimwagika hayazoleki"?

Jibu: Mimi sishauri. Maji yaliyomwagika yana aliyeyamwaga, na methali hiyo inabeba harufu ya lawama hata msemaji asipokusudia. Mpe aliyeuza shamba kwa bei ya kutupa na sasa halali usiku. Msibani "pole" inatosha, na kukaa naye.

Lakini kitazameni na kitenzi chenyewe, kina utamu wake. Kiswahili kina kauli ya kutendua, inayorudisha nyuma lililofanyika: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Sasa jaribu kwa mwaga, chinja au vunja. Hupati kitu. Wahenga walichagua kitenzi ambacho lugha yenyewe haikukiwekea njia ya kurudi. Kuzama, kwa upande wake, kuna kuibuka, na watu wa Kigoma tunao ushahidi. Meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza tena safari Ziwa Tanganyika ikiitwa Liemba. Anayesema biashara yake imezama hajasema imekwisha. Msimpe pole ya maji kumwagika.

Swali: Kwa nini tunasema "viti vizuri" lakini si "viti visafi"?

Jibu: "Safi" haipokei viambishi vya ngeli. Ni kama ghali, rahisi, hodari, imara na laini. Vivumishi vya namna hii vingi vina asili ya Kiarabu, vikaingia kwetu na umbo moja. Kiti safi, viti safi, mtu safi, watu safi. Anayesema "maji masafi" ataeleweka sokoni, ila kwenye mtihani atakatwa alama.