Usimdharau sucker: kuvua na kupika samaki wa mawe Missouri

Wengi wetu tuliohamia Missouri tunaanza na kambare, kwa sababu ndiye tunayemjua. Naomba majira ya kuchipua mjaribu mito ya Ozark: Gasconade, Current, James. Kuna sehemu maji hayafiki magotini, chini ni kokoto na mawe, na ni maangavu kiasi kwamba unamwona samaki kabla hujatupa ndoano. Hapo ndipo anapokaa sucker, ambaye wavuvi wengi wa Marekani humhesabu samaki duni. Hawamtendei haki hata kidogo. Mji wa Nixa, kusini mwa jimbo hili, una sherehe ya sucker tangu miaka ya 1950.

Aliyekulia Kanda ya Ziwa akimshika atamkumbuka ningu: mdomo chini ya kichwa, midomo minene, miiba tele. Ni ndugu wa mbali kweli.

Vaa miwani ya kukata mng'ao wa maji, usimame kimya. Yule mwenye mabaka ya kahawia, hog sucker, hulala kwenye mkondo mkali akafanana na mawe yenyewe. Mara anasukuma kokoto kwa pua, tope linapanda, na nyuma yake visamaki vinagombania wadudu walioibuliwa. Kwa hiyo ukiona visamaki vimesongamana mahali pamoja, tazama mbele yao kidogo.

Redhorse, aina nyingine ya sucker wenye mwili mnene, wengi wao hukaa pale mkondo unapomalizikia kwenye kina. Tumia ndoano ndogo, namba 8, kipande cha nyungunyungu, na chubwi chepesi kinachogusa chini bila kunasa. Tupa upande mkondo unakotoka, uache chambo kiteremke chenyewe. Usingoje kishindo. Mshipi unakuwa mzito tu, au unasimama wakati maji yanaendelea. Hapo inua taratibu.

Wanapotaga, kwa kawaida mwezi wa nne na wa tano, utawaona wamejaa kwenye kokoto, madume yakiwa na vipele vyeupe. Usitembee juu ya kokoto hizo, mayai yamo katikati ya mawe. Na chukua wa kula tu. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba bigmouth buffalo, wa ukoo huohuo, anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Samaki wa namna hiyo kumtupa ukingoni aoze, kama wafanyavyo wengine, kunaniuma sana.

Sasa jikoni, ambako ndiko watu wanakokata tamaa kwa sababu ya miiba. Toa mnofu, ondoa ngozi, ulaze kwenye ubao. Kwa kisu kikali chanja kukatiza mnofu, chale ziachane kama milimita 3, zishuke karibu na ubao bila kukata mpaka chini. Utasikia miiba ikikatika chini ya kisu. Paka ndimu, tangawizi, chumvi na pilipili mpaka ndani ya chale, viringisha kwenye unga wa mahindi, kisha tumbukiza kwenye mafuta mengi yaliyochemka sawasawa. Mafuta yakiingia kwenye chale, vijiba vidogo vinakaangika na hutavisikia mdomoni. Kwa ugali na kachumbari, simbadilishi na sangara. Ila watoto wadogo bado wachambulie kwanza.

Leseni ni lazima kwa wakazi wa Missouri wenye miaka 16 hadi 64. Soma kanuni za mwaka huo za Idara ya Uhifadhi ya Missouri, kwa sababu idadi inayoruhusiwa hutofautiana. Mvua ikinyesha huko juu mto unakotoka, toka majini hata kama kwako kuna jua.

Na msile sucker wa Big River, kule kwenye machimbo ya zamani ya madini ya risasi (lead). Madini hayo yamo kwenye tope analokula, na serikali ya jimbo imeonya wazi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kukaanga hakuiondoi.