Piko Itoke Mikononi mwa Maharusi Wetu

Nimekuwa mpambaji wa maharusi hapa Mtwara mjini kwa miaka 14, na katika miaka 9 ya mwanzo niliwapaka piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, karibu maharusi wote waliokuja kwangu. Ninaandika sasa kwa sababu msimu wa korosho umekaribia, na kila anayeishi huku anajua kwamba malipo ya korosho yakishaingia, harusi hufuatana wiki hadi wiki, kuanzia Tandahimba hadi Mikindani. Natamani mtindo wa kupaka piko ukome kabla haujafika kwenye mikono ya mabinti watakaoolewa mwaka huu, na ninayeomba hivyo ni mmoja wa waliousambaza.

Hina na piko ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa vyote huchorwa kwa maua yaleyale. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa, kisha unga wake ukakandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi. Shangazi yangu wa Mikindani, aliyenifundisha kazi hii nikiwa binti, alikuwa akiifunika bakuli ya hina tangu asubuhi hadi alasiri, kisha anapaka tone moja kwenye kiganja chake na kulipangusa baada ya muda mfupi ili aone kama imeshaanza kutoa rangi. Ukiibandua hina huacha rangi ya chungwa, nayo hukolea siku ya pili mpaka ikawa kahawia au nyekundu iliyoiva. Haifiki kwenye weusi wa wino hata ukilala nayo usiku kucha. Piko, kwa upande wake, ni rangi ya nywele. Hukauka ndani ya nusu saa, na ukiiosha unabaki na maua meusi tii siku hiyohiyo. Kinachoipa weusi huo ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo hufupishwa kuwa PPD. Umoja wa Ulaya unataka kemikali hiyo isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na hauruhusu kabisa ichorwe kwenye ngozi. Sisi tulikuwa tukiikoroga kwa kukadiria kwa macho, nzito ili iwe nyeusi zaidi, na tukiikandika kwenye ngozi laini ya mkono wa binti kuanzia vidoleni hadi kiwikoni.

Ubaya wa piko ni kwamba haimdhuru kila mtu, wala haimdhuru mtu kila mara, na hilo ndilo lililonidanganya kwa miaka 9. Mwili huweza kuipokea mara ya kwanza bila dalili yoyote, huku kinga yake ikiwa imekwisha kuitambua kama adui, kisha mara ya pili au ya nne ukaikataa kwa nguvu. Kwa hiyo binti anayekwambia kwamba alipakwa kwenye harusi ya dada yake na hakupatwa na neno hajakupa uhakika wowote. Vilevile mzio huu hauji papo hapo. Mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, na kwa anayeipaka kwa mara ya kwanza unaweza kuchelewa hata wiki mbili. Wapambaji wenzangu wenye mazoea ya kumpaka mteja kidogo nyuma ya sikio, wakasubiri dakika kumi na kusema yuko salama, naomba walielewe jambo hili: dakika kumi hazioneshi chochote, na hicho kidogo chenyewe kinaweza kuufundisha mwili kuikataa piko baadaye.

Mwaka wangu wa tisa, mwezi wa Desemba, nilimpaka bibi harusi aliyeletwa na mama yake kutoka Nanyamba. Mimi nilikuwa nimetayarisha hina, lakini mama akaniambia, "Mwanangu, hina ni ya bibi zetu, mpake piko aonekane." Nikampaka Alhamisi usiku, akaolewa Jumamosi, na Jumapili akaanza kujikuna. Jumatatu asubuhi niliitwa nyumbani kwa mumewe. Alikuwa amekaa mkekani ameinyoosha mikono mbele kama mtu anayesubiri kuvishwa bangili, kwa kuwa hakuweza kuikunja. Kila ua nililolichora lilikuwa limevimba. Shina jembamba nililolivuta kwa ncha ya koni, kile kijimfuko cha kuchorea, lilikuwa mfululizo wa malengelenge madogo yenye maji ya manjano, na pale nilipojaza majani palikuwa na malengelenge makubwa yaliyoungana, kiasi kwamba ungeweza kufumba macho ukaufuata mchoro wangu wote kwa kidole. Wifi yake aliniuliza kama kuna mtu aliyemtupia jicho siku ya harusi. Nilimjibu kwamba huenda ni sabuni. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa maana lilimchelewesha kwenda hospitali kwa siku nzima, na daktari alipomwona alihitaji swali moja tu kuhusu alichopakwa ili ajue.

Malengelenge yalipona baada ya wiki kadhaa, lakini maua hayakutoka. Yalibaki meupe juu ya ngozi yake nyeusi, na nilipomwona mara ya mwisho yalikuwa bado yanasomeka. Wanaobangua korosho kwa mkono wanajua jinsi mafuta ya ganda yanavyobabua vidole na kuacha mabaka, na hakuna mzazi wa huku atakayeyachukua mafuta hayo akamchorea bintiye maua. Tunaiamini piko kwa sababu tu inauzwa pamoja na vitu vya urembo. Nimewahi kuambiwa kwamba hata wazee wetu walijichoma ngozi kwa ajili ya uzuri. Ni kweli kwamba bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alikuwa na chale usoni na kifuani, nami niliziona nzuri. Lakini aliyezichanja alikusudia zibaki, na bibi alijua kwamba atakufa nazo. Binti wa Nanyamba aliahidiwa urembo wa wiki mbili.

Hasara haiishii kwenye mkono. Aliyekwisha kupata mzio huu huwa nao maisha yote, na siku akipaka rangi nyeusi ya nywele uso wake unaweza kuvimba hadi macho yakafumba. Ukiwa umewahi kuungua na piko, basi mwambie msusi wako na mwambie daktari wako, kwa sababu zipo dawa kadhaa za ganzi ya ngozi na rangi nyingine ambazo mwili wako unaweza kuzikataa kwa sababu hiyohiyo. Na kama umepakwa leo na ngozi imeanza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni, usitumbue malengelenge, usipake dawa ya meno wala mafuta ya kula, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba ulipakwa rangi ya nywele. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usisubiri kupambazuke.

Ninaelewa kwa nini akina mama wanaitaka. Maua ya hina kwenye mkono mweusi hayatokezi sana, hasa kwenye picha ya simu, na siku hizi harusi huonwa na watu wengi zaidi kwenye simu kuliko waliokula pilau. Nami sitawaficha kwamba hina haitafanya kazi ya piko. Inachofanya vizuri ni kile ambacho shangazi alikifanya kila mara: kukoza viganja, ncha za vidole na nyayo, ambako ngozi ni nene na rangi huiva hadi ikakaribia rangi ya damu ya mzee. Anayetaka maua ya mkononi apakwe siku mbili kabla ya harusi, asiguse maji usiku ule, na baada ya kuibandua hina ajipake mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Harusi ikiwa Jumamosi, Alhamisi jioni ndiyo siku yake. Bibi harusi akitaka kuwa na uhakika, aitazame koni kabla hajapakwa: ikiwa mchanganyiko ni mweusi tangu mwanzo, au mpambaji anasema utakauka upesi na kuwa mweusi leoleo, hiyo ni piko hata kama imeitwa hina nyeusi. Aombe pia kuona pakiti. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote haufai kuguswa na mwili wa mtu.

Watoto ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu mkesha wa Idi huletwa kwa makundi, wengine wana miaka minne, na mama hutaka piko kwa kuwa mtoto hawezi kutulia na hina kwa saa nyingi. Mtoto anayeungua akiwa na miaka minne ataukuta mzio huo unamsubiri siku ya harusi yake. Kwa Idi ijayo nitawapaka watoto hina viganjani tu, kuanzia alasiri ya siku mbili kabla, na nimeshanunua vitambaa vya pamba vya kuwafungia mikono walale nayo.