Dumu la lita 20: karatasi kwanza au kompyuta kwanza?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma ufundi hapa Morogoro na nimeamua kubuni upya dumu la njano la lita 20, hili tunalochotea maji kila siku, mana mshikio wake unakata vidole. Nimelitengeneza kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kuunda vitu vya 3D, nimelipa umbo la mviringo, rendaa (ile picha ya mwisho inayoonekana kama kitu halisi) imetoka kali na washkaji wote wameipenda, ila mwalimu kaiangalia akaniambia rudi kwenye karatasi. Kuna ulazima gani wa kuskechi kwa mkono saivi wakati kompyuta inafanya kila kitu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kuchagua dumu, wengi wakianza wanakimbilia magari na simu wakati kitu kinachowaumiza mama zetu mikono kila asubuhi kipo palepale bombani. Ila mwalimu wako kakuambia kweli. Rendaa inajibu swali moja tu, hiki kitu kikishatengenezwa kitaonekanaje, na wewe bado hujajua kitu chenyewe kiweje. Ukiwahi kompyuta unaanza kuling'arisha wazo la kwanza lililokujia, mana kubadilisha umbo kule ni kazi ya masaa, wakati kwenye kaunta buku unachora madumu kumi tofauti chai haijapoa.

Chukua huo mviringo wako. Nenda kasimame na wauza maji wa baiskeli uone wanavyoyafunga madumu kwenye keria kwa mpira, yamebanana hayachezi, alafu angalia kirikuu likipakiwa, dumu na dumu hapapiti hata mkono. La mviringo hapo linaacha mapengo, linazunguka kwenye kamba, na muuza maji aliyekuwa anabeba sita ataishia kubeba manne. Kwenye Blender huwezi kuyaona hayo sababu kule dumu limekaa peke yake kwenye sakafu nyeupe. Lichore likiwa kichwani, likiwa kwenye keria, likikingwa bombani, likiinamishwa kumimina.

Hilo la kumimina lichore kwa mkato, yaani umelipasua katikati unaona ndani. Utaona maji yanatoka na hewa inataka kuingia kwa mdomo huohuo mmoja, ndo mana linagugumia na kurusha maji nje ya ndoo. Wajerumani mwaka 1937 walipobuni dumu lao la jeshi la chuma la lita 20, kazi ya injinia Vinzenz Grünvogel, waliweka kijibomba cha hewa pale mdomoni ili mafuta ya gari yashuke bila kurukaruka. Na juu wakaweka mishikio mitatu iliyolala sambamba: ukiwa peke yako unashika wa katikati, mkiwa wawili kila mtu anashika wa upande wake, na yakiwa matupu unayasogeza mawili pamoja unashika mishikio ya pembeni iliyokutana, mkono mmoja unabeba yote. Mimi naliheshimu sana lile dumu. Hili letu la njano mara nyingi limekuja mjini likiwa na mafuta ya kula, hakuna aliyekaa akafikiria mtoto wa kulibeba na maji asubuhi na jioni, ndo mana lina mshikio mmoja na basi.

Kwaiyo kazi yako iko pale kwenye mshikio. Papasa kwa chini utasikia mstari umechomoza, ndipo pande mbili za kalibu (lile umbo la chuma la kufinyangia plastiki) zinapokutana kiwandani, na dumu likijaa zile kilo 20 zote zinalalia vidole juu ya mstari huo. Chora mshikio kwa ukubwa wake halisi, sio kwa kupunguza. Weka kiganja chako kwenye karatasi ukizungushie peni, weka na cha bibi yako, na cha mtoto wa darasa la tano, halafu ukate boksi gumu kwa umbo ulilochora, lizungushie selotepu, ulining'inizie mzigo uwape washike. Jaribu mshikio mnene kidogo, jaribu kuusogeza mstari pembeni vidole visiuguse, jaribu wa watu wawili. Na ujiulize kama lazima libebwe, sababu Afrika Kusini mwaka 1991 walitoa Hippo Roller, pipa la lita 90 unalolisukuma likibingirika chini. Kwenye ngazi za ghorofa halifai, lakini kwenye njia tambarare limewatua watu mzigo kichwani.

Hapo sasa ndo ufungue laptopu. Piga picha skechi ya mbele na ya ubavu, simu ikiwa sambamba na karatasi isipindishe, ziweke Blender kama picha za nyuma na ujenge juu yake kwa vipimo vya milimita. Kila kona ilainishe kidogo, plastiki ya kiwandani haina kona kali kama wembe na jicho la mtu linashtuka hata kama hajui kwanini. Plastiki ya dumu haing'ai kama kioo, ni ya ukungu ukungu, mwanga unapenya kidogo mpaka kina cha maji kinaonekana kwa nje, ukilipata hilo tu rendaa yako inaaminika. Taa moja kubwa laini ya ubavuni inatosha, na kama laptopu yako ni ya kawaida tumia Eevee, injini ya Blender ya kutoa rendaa haraka, ile nyingine ya Cycles itakuweka usiku kucha. Weka na mkono wa mtu umelishika. Ikifika hatua ya kwenda kwa mtengeneza kalibu, chora upya kwenye FreeCAD, programu ya michoro ya kiufundi, nayo ni ya bure, mana wale wanataka faili la STEP, lenye umbo na vipimo kamili vya kiufundi, na Blender peke yake haitoi.

SWALI: Dada, mimi mkono wangu mbovu kabisa, hata ndoo nikichora inaonekana imebondeka. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Tatizo ni duaradufu, yaani duara lililobonyea. Ndoo ukiitazama kwa juu, mdomo wake ni duaradufu nyembamba, na kitako, sababu kiko mbali zaidi na usawa wa macho yako, kinatakiwa kikaribie duara kamili kuliko mdomo. Watu wengi wanachora mdomo vizuri halafu kitako wanakipigia mstari ulionyooka, ndo ndoo inabondeka. Chora kitako chote kizima kama vile ndoo ni ya kioo, ndo ufute cha nyuma. Na uchore kwa bega, sio kwa kifundo cha mkono, upitishe peni hewani mara mbili tatu kabla haijagusa karatasi.

SWALI: Hizi AI unazozipa skechi zinakutolea rendaa kwa sekunde, unazishaurije?
Msomaji, Tanga

JIBU: Zitumie kujaribu rangi na malighafi, hapo zinaokoa muda kweli. Ila kagua maungio kwa makini, nimeona mishikio haijashikana na chochote na vifuniko visivyo na hesi, na ukikabidhi picha ya hivo kwa fundi atakuuliza hiki kinafungwaje na itabidi uwe na jibu kwenye karatasi.