Hiyo fomu ya shule mpya irudishe kwenye droo kwanza

Usiijaze. Nimesoma mada yako nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo, na naandika nikiwa na hasira ambazo nyingi si zako, kwa hiyo unisamehe mapema.

Kwa wadau mnaodandia uzi huku mwishoni: mleta mada amehamia Dar na familia yake kutoka Tanga. Mwanawe wa kiume yuko darasa la tatu. Kule alikuwa Kayumba, yaani shule ya serikali, hatua chache kutoka nyumbani, huku wamempeleka ingilishi midiamu. Muhula unakaribia katikati na mtoto bado analia kila asubuhi, chai anaitapika, na mwalimu anasema "mpole mno, hachangamki". Mama ameuliza mambo mengi mazuri, ila lililonitoa jasho ni lile alilolichomeka mwishoni kama nyongeza: mume ameshapata shule nyingine "yenye mazingira rafiki zaidi", wanamhamisha likizo fupi ikifika, na huko nako akishindwa watamtafutia bweni akomae.

Dada yangu, hiyo njia nimeipita yote. Hela ya bati za nyumba yetu ya Moshi iliishia huko.

Sisi tulitoka Moshi. Mwanangu ni wa aina ya huyo wako. Ukimgombeza dada yake, anayelia ni yeye. Lebo ya shati ikimkwaruza shingoni, siku hiyo hasomi. Mwalimu akimkaripia mtoto wa dawati la nyuma, anayetetemeka ni wangu wa dawati la mbele. Moshi alikwenda shule kwa miguu na binamu zake, wanakatiza migombani wakibishana mpira, na hakuna aliyewahi kuniambia nina mtoto wa kulialia. Tukaja Dar, tukapanga Malamba Mawili, akaanza shule upande wa Segerea, kilio kikaanza naye.

Hapo akaingia wifi yangu, Mungu ampe maisha marefu aje anilipe. "Hiyo shule ina tatizo. Watoto hawadanganyi." Mwanawe alikuwa anasoma shule moja upande wa Goba, na kila wageni wakija anasimamishwa sebuleni kukariri shairi la Kiingereza. Tukakubali. Ofisini tukapokewa na mwalimu wa taaluma, mwanamume wa tai na manukato, ambaye hakuuliza mtoto anaamka saa ngapi, anakula nini, anaanza kulia akiwa wapi. Alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu mmemdekeza. Mtuachie mwezi mmoja, mtamkuta simba." Kisha akaandika risiti. Fomu, intavyuu, sare ya kawaida, sare ya michezo, sweta yenye nembo (sweta, Dar, mwezi wa pili!), ada ya muhula. Tulivyorudi kule kwa kwanza kudai salio letu, tukaonyeshwa maandishi ya sisimizi chini ya fomu: ada ikishalipwa hairudishwi. Baba yake alisoma bila miwani, jambo ambalo hajaliweza tena tangu siku hiyo.

Sasa lisome hili taratibu. Shule ya pili ilikuwa mbali kuliko ya kwanza. Gari la kwanza lilikuwa linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. La pili likawa linampitia saa kumi na moja kasorobo, giza totoro, na kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa mwisho wa njia, yeye ndiye wa kwanza kupanda na wa mwisho kushushwa. Linazunguka Mbezi, linaingia huku, linatoka kule, linakaa foleni, ndipo lifike. Kilio hakikupungua hata chembe, kiliongezeka. Yule wa tai akatupigia simu kutueleza kwamba mtoto anasinzia kipindi cha hisabati, analalamika kichwa kinauma, na pengine arudie darasa. Wifi naye hakukosa la kusema: "Basi mpelekeni bweni."

Kilichotuokoa ni masika. Barabara ilijaa maji, gari la shule likakwama, dereva akapiga simu kwamba leo kila mzazi ajitegemee. Baba yake akasubiri kupambazuke, akamsitiri na koti la mvua, wakaondoka na bodaboda. Kabla ya kuondoka mtoto alikunywa chai. Akamaliza kikombe. Akaomba kiazi kingine. Getini akashuka akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Shule ileile, mwalimu yuleyule, Kiingereza kilekile.

Jioni nikamuuliza dada wa kazi kama ameyaona maajabu haya, akainama. Kumbe alikuwa anajua tangu tulipofika Dar. Ndiye aliyefua kaptula. Kwenye gari la ile shule ya kwanza foleni ilichelewa, mtoto akabanwa, akaogopa kumwambia matroni wa gari, akajikojolea, na wakubwa wa darasa la sita wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Akamwapisha dada asiniambie. Tangu siku hiyo akaacha kunywa chochote asubuhi, na shuleni akawa hanywi maji hadi arudi nyumbani. Mtoto asiyekunywa maji kuanzia alfajiri hadi saa tisa, kwenye joto la Dar, kichwa kisimuume kwa nini? Asisinzie kwa nini? Tulimhamisha shule kwa kosa la gari, tukampeleka kwenye gari la safari ndefu zaidi, tena kwa kulipia.

Na wewe umeandika mwenyewe: mtoto anaitapika chai. Hapo ndipo niliposhuka kwenye daladala.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaisema hadi mnichoke: usihamishe shule kabla hujaijua saa. Si "ana tatizo na shule". Shule ni siku nzima, na ndani ya siku nzima kuna saa moja au mbili zinazomuua, nyingine anazimudu. Ni kwenye gari? Ni paredi ya asubuhi, pale viboko vinapotembea? Ni chooni, milango haina komeo? Ni saa ya chakula, hajui akae na nani na sahani yake ya wali maharage? Ni kipindi fulani cha mwalimu fulani mwenye sauti ya spika za mnadani? Kila moja ina dawa yake, na nyingi ya dawa hizo hazina ada wala sweta.

Saa hiyo huipati kwa kumuuliza "kwa nini unalia". Mtoto wa aina hii ukimuuliza kwa nini, anakutazama aone unataka jibu gani, kisha anakupa hilohilo, ndiyo maana wangu alitwambia "shule mbaya" na sisi tukaamini. Muulize vitu vidogo vya pembeni: leo ulikaa upande gani kwenye gari, nani alikuwa dirishani, chooni ulienda na nani. Muulize mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele, umeme umekatika, msitazamane usoni. Muulize anayefua nguo zake. Angalia begi likirudi: chupa ya maji imejaa? Chakula kimeguswa? Kisha badili kitu kimoja, kimoja tu, wiki moja. Mpelekeni wenyewe bila gari la shule. Kilio kikiisha, umeipata. Kisipoisha, gari si lenyewe, sogea kwenye kingine. Ukibadili gari, mwalimu na shule kwa mpigo hutajua kilichosaidia, na kilichoumiza utakibeba hadi shule ya tatu.

Bweni lisahau. Hata ungetaka, mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, labda kwa kibali maalumu. Ukiona shule inakwambia "kwa wa tatu tunapokea, msijali", jiulize ni mambo gani mengine hawajali. Na hata bila waraka, mtoto anayeumizwa na lebo ya shati unampelekaje kulala na watoto thelathini asiowajua? Akomae nini, ni embe?

Na uhamisho wenyewe si kubeba begi. Taarifa za mtoto zinahamishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani (NECTA), na mwalimu mkuu wa anakotoka akiwa mzito, mwanao anakaa darasa hili huku jina liko kwingine. Sasa hivi ni la tatu, una nafuu. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, jina likipotea kipindi hicho utazijua ofisi zote za halmashauri kwa rangi ya milango.

Sisi hatukuhama tena. Hela zilikwisha, kwa hiyo msinipe sifa ya hekima. Tulimwomba dereva tumpandishie Goba, maana baba yake anapitia huko akienda kazini, safari ikawa fupi na asubuhi haiwi usiku. Akapewa siti ya mbele karibu na matroni, kaptula ya akiba ikakaa chini ya begi ndani ya mfuko mweusi, na matroni akaambiwa kwa faragha. Simba hajawa. Jana tu amelia kwa sababu kuku wa jirani kachinjwa. Ila chai anakunywa.

Umeuliza pia kuhusu Kiingereza. Katoka kwenye Kiswahili kitupu, wa kwako atababaika, ni kawaida, mwombe mwalimu wa darasa amruhusu kujibu kwa Kiswahili kwa muda. Lakini kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo lazima aijue kabla ya hesabu na kabla ya mashairi: ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Irudieni nyumbani kama mchezo, wewe uwe mwalimu mkali, yeye aombe, halafu mbadilishane. Shule zinazokataza Kiswahili darasani zina watoto wengi wanaobana mkojo kwa kukosa maneno, na hakuna anayewahesabu.

Maswali yako mengine, la tuisheni, la marafiki na lile la simu ya bibi kila jioni, sijayagusa, najua. Watakuja wengine wenye utulivu wao. Wewe nijibu haya kwanza, leo, kabla mumeo hajaenda benki: gari linampitia saa ngapi, yeye ni wa ngapi kupanda, na nani anafua kaptula zake?