Nilisujudu peke yangu

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mwalimu. Nimesilimu miezi miwili iliyopita, natengeneza baiskeli hapa Morogoro. Alfajiri moja, rakaa ya pili, imamu aliinuka kwenye rukuu, mimi huyo mpaka chini. Mara nasikia wenzangu wako juu wanaitikia "amin". Niliona haya, tangu hapo nasalia nyumbani, na Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, naisoma kwenye karatasi. Sala yangu inasihi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Ile ni kunuti, dua ambayo sisi wa madhehebu ya Shafii huisoma kwenye sala ya Alfajiri. Hukuambiwa, ungejuaje? Ukijikuta umemtangulia imamu kwa kutojua, inuka umfuate, yamekwisha. Mimi yalinikuta kinyume: nilisali msikiti wasikosoma kunuti, nikabaki nimeinua mikono kama nakinga mvua, wenzangu wote wako chini.

Karatasi si kosa. Iweke mbele yako juu ya kigoda, usiishike, mikono itulie. Fardhi za siku ni rakaa 17, kila rakaa unaisoma Alhamdu, nayo ni aya 7 tu. Mdomo utazoea wenyewe. Sikiliza kisomo cha Sheikh Al-Husary wa Misri, anasoma taratibu, kila herufi unaisikia. Ila ukifika neno "an'amta" katika Alhamdu, kaza masikio. Wanafunzi wangu watu wazima huteleza hapo wakasema "an'amtu", na maana inageuka: badala ya "uliowaneemesha" inakuwa "niliowaneemesha", mja kajipa kazi ya Mola wake! Hilo ndilo la kuogopa, si kigugumizi. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu ana ujira mara mbili.

Msikitini rudi. Anza na Magharibi: rakaa 3, mbili za mwanzo imamu anasoma kwa sauti, nawe unamsikia anavyotamka. Mwambie aliye karibu nawe kwamba unajifunza. Wengi watafurahi, na mmoja atakusahihisha kupita kiasi, mvumilie.

Usingoje kupata kanzu. Ovaroli ya kazini ikiwa haina najisi inatosha, na grisi si najisi. Lakini iliyoganda mikononi na kwenye kucha isugue kwa sabuni kabla ya kutia udhu, maji yafike kwenye ngozi.