Fundisha Kilwa kabla haijaanguka

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Historia niliandika ubaoni "Sababu za kuanguka kwa Kilwa", ule mji wa kale wa biashara kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, nikazipanga kuanzia (a) hadi (e), kidato cha kwanza wakanakili. Kengele ikikaribia kulia, binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, wale watu walienda wapi?" Sikuwa na jibu. Dakika 40 nzima nilikuwa nimewafundisha mji usio na watu.

Tangu hapo sianzi na anguko. Naanza mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, anapoteremka Kilwa na kuusifu uzuri wa mji. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu. Ijumaa moja, baada ya swala, fukara kutoka Yemeni akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa zile zile. Mwanawe akazikomboa kwa kumpa yule fukara watumwa kumi. Sultani aliposikia akaongeza wengine kumi, na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Darasa huwa linacheka kwenye nguo na kunyamaza kwenye watumwa. Usiukatize ukimya huo. Atatokea mmoja kuuliza watu wale ishirini walikuwa nani, walitoka wapi. Mwache aulize, hata kama hamtafika ukurasa mliopanga.

Kipindi kinachofuata ni cha maharage. Nunua nusu kilo, na omba vipande vya vitambaa kwa fundi cherehani. Kikundi kimoja ni Sofala, bandari ya dhahabu kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, kina maharage, ndiyo dhahabu. Kingine ni wafanyabiashara wa ng'ambo, wana vitambaa. Katikati wanakaa Kilwa, na kila kinachopita mezani kwao wanakitoza ushuru. Baada ya mizunguko miwili Kilwa wametajirika, wanaringa. Wape sasa kiti kimoja cha sultani na wagombea watatu, kwa kuwa kweli Wareno walipofika walimkuta Amir Ibrahim, mtawala ambaye haki yake ya kukalia kiti ilikuwa inabishaniwa. Wakiwa bado wanabishana, ingiza kikundi cha nne, Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama anadai kodi kwa nguvu. Julai 1505 Francisco de Almeida anauteka mji na kujenga ngome. Mwaka huo huo Wareno wengine wanajenga ngome Sofala kwenyewe, kwa hiyo kikundi cha nne kihamie meza yenye maharage.

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kilwa wanatazama meza yao: hakuna ukuta ulioanguka darasani, ila maharage hayapiti tena. Niliwahi kusikia mvulana akinong'ona, "Kumbe tulikuwa tunaishi kwa kupitisha tu." Sababu ile ile niliyoiandika ubaoni kwa chaki mwaka wa kwanza, safari hii wameigundua wenyewe.

Usiwaache Wareno wakiwa washindi. Wafanyabiashara wa Kiislamu walitafuta njia nyingine, wakapitisha dhahabu Angoche, bandari nyingine ya pwani ya Msumbiji, na ngome ya Kilwa Wareno waliiacha mwaka 1512. Toa kisirisiri maharage ya kikundi cha nne, uone kelele zitakazotokea.

Onyo moja: usigawe nafasi ya mshindi na mshindwa kwa kufuata dini au kabila la watoto wako. Piga kura ya vikaratasi.

Na lile swali la binti usiliruke. Watu wa Kilwa hawakuyeyuka. Biashara ilirudi baadaye kwa sura mbaya zaidi, ya watumwa: mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 Kilwa Kivinje, upande wa bara, ikawa bandari kubwa ya misafara. Kisiwani kwenyewe, kando ya magofu ya msikiti mkuu, watu wanaishi hadi leo. Watoto wao wanasoma Historia kama watoto wako.